NILIMWONA KWA MACHO YANGU MAWILI!

Mpenzi msomaji, leo tusiongelee mapenzi. Najua wapo walionunua gazeti kwa ajili hiyo, na wiki iliyopita niliahidi sehemu ya pili ya yule dada na shemeji yake. Itakuja, msiwe na presha. Leo nina jambo linaloninyima usingizi, na nisipolitoa nitapasuka.

Nusura niue mtu. Sikushika jiwe, sikushika rungu. Nilinyoosha kidole tu.

Ilikuwa Jumamosi, mnadani Msalato. Kwa nyie wa Dar na Mwanza ambao Dodoma mnaijua kwa habari za Bunge peke yake, Msalato ni nje kidogo ya mji, upande wa kaskazini, ukishika barabara ya kwenda Kondoa na Arusha. Ndiko iliko ile sekondari ya wasichana inayojulikana nchi nzima, na ndiko uliko uwanja mpya wa ndege. Lakini sisi vijana wa mjini hatufuati shule wala ndege. Tunafuata nyama. Siku ya mnada mbuzi na ng'ombe wanaswagwa kutoka vijijini, wazee wa Kigogo na mashuka yao na fimbo zao, madalali wanapiga kelele, mitumba imemwagwa chini, na pembeni moshi wa nyama choma unapanda kama kuna nyumba inaungua. Ukitoka pale umekuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope.

Tulikuwa wanne. Tumeagiza kilo mbili za mbuzi, ndizi za kuchoma, kachumbari na pilipili ya kutosha. Saa kumi na moja jioni hivi, jua linaelekea kuzama. Nyama imefika, mikono imenawa, nimechukua mfupa wangu wa kwanza. Mara, ukelele!

"Simu yangu! Jamani nimeibiwa simu!"

Ni mama mmoja aliyekuwa ameinama kwenye mitumba. Nikainua kichwa. Na hapo, msomaji, nikamwona. Kijana mwembamba, jezi nyekundu, anachanja mbuga katikati ya mbuzi, na mkono wake wa kulia ameshika simu nyeusi. Niliiona. Nasema niliiona ile simu. Nikasimama juu ya benchi, nikanyoosha kidole na mfupa ukiwa bado mkononi, nikapiga kelele: "Huyooo! Wa jezi nyekundu! Simu anayo mkononi!"

Anayeijua nchi hii anajua maneno hayo yanafanya nini. Sijui watu walitokea wapi. Wengine hata simu ya mama hawakuwa wamesikia habari zake, walisikia "huyo" wakaacha biashara zao. Walimdaka karibu na wauza viatu. Kofi la kwanza, la pili, akaanguka, kisha sikumwona tena, niliona migongo ya watu tu na miguu ikipanda na kushuka. Nikamsikia mmoja anaulizia petroli kwa watu wa bodaboda. Aliulizia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia chenji.

Aliyemwokoa ni mzee mmoja. Sijawahi kuona mzee wa umri ule akikimbia vile. Alipenya katikati ya watu, akajilaza juu ya yule kijana, shuka lake likawafunika wote wawili, akawa analia kwa Kigogo na Kiswahili vikichanganyika. Mjukuu wangu huyu! Tangu asubuhi niko naye! Mbuzi ametoroka, anafukuza mbuzi!

Watu wakasita. Mmoja akamfungua kijana kiganja cha kulia, maana muda wote ule wa kipigo alikuwa hajakiachia. Ndani mlikuwa na kipande cha mpira mweusi wa tairi la baiskeli, ile mipira wanayofungia mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikamatwa dakika chache baadaye karibu na malori, kipande kilichobaki cha mpira ule ule kikining'inia mguuni.

Simu haikuonekana. Haijaonekana hadi leo. Kibaka halisi aliingia mitini wakati sisi wote tunamshughulikia asiyehusika.

Mgambo walipofika, mmoja akauliza, "Nani alisema amemwona?" Washikaji zangu wakanitazama. Mimi nikatazama nyama. Ilikuwa imepoa, mafuta yameganda. Kisha nikaaga kwamba nakwenda kujisaidia, nikadandia daladala ya mjini. Hilo nalo nimelazimika kuliandika.

Sasa sikiliza. Ungeniweka mahakamani jioni ile, ukanipa Biblia nishike, ningeapa kwamba niliona simu. Na nisingekuwa naongopa! Hicho ndicho kilichonikosesha usingizi. Mwongo anajua anaongopa. Mimi nilikuwa nasema kweli tupu, na kweli yangu ilikuwa kipande cha mpira.

Mimi si daktari wala mwanasaikolojia. Shule niliishia kidato cha nne, na Biolojia sitaki kukutajia nilipata nini. Lakini mtoto wa mama yangu mkubwa anasoma sheria hapa hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, nikamwendea. Badala ya kunifariji akanibebesha makaratasi. Niliyoyakuta humo, acha nikumegee.

Kwanza, jicho si kamera. Hebu chukua karatasi na kalamu, usione aibu, hata kama uko ndani ya basi. Upande wa kushoto chora alama ya kujumlisha. Sentimita 8 kulia kwake chora doa jeusi la ukubwa wa punje ya mahindi. Funga jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia kodolea ile alama tu, usihamishe jicho. Anza karatasi ikiwa mbali kadiri ya urefu wa mkono, kisha isogeze taratibu kuja usoni. Ikifika kama sentimita 30 hivi, doa linapotea. Kwisha! Ukiendelea kusogeza, linarudi.

Umeona? Nyuma ya kila jicho kuna mahali ambapo mshipa wa fahamu unatokea kwenda kwenye ubongo, na hapo hakuna chembe hata moja ya kupokea mwanga. Ni kipofu kabisa hapo. Mfaransa mmoja, Edme Mariotte, aliligundua jambo hili katika karne ya 17. Wewe umeishi miaka yote hiyo na mashimo mawili machoni na hujawahi kuyaona. Na cha kushangaza si lile doa kupotea. Ni kwamba doa lilipopotea hukuona shimo, uliona karatasi nyeupe. Nani alikwambia pale pana weupe? Ubongo. Ulitazama majirani wa lile shimo, ukakuta ni weupe, ukapaka rangi. Na haukukuomba ruhusa.

Nyingine hii. Nyoosha mkono, tazama ukucha wa dole gumba. Sehemu ambayo jicho lako linaiona kwa ukali kabisa, ukali wa kuweza kusoma maandishi haya, haizidi sana ule ukucha. Kwingine kote ni ukungu ukungu. Unadhani unaiona barabara nzima na watu wake kwa sababu jicho linarukaruka kama mara tatu kwa sekunde, linaokota kipande hapa, kipande pale, na ubongo unashona. Mjerumani Hermann von Helmholtz, aliyekuwa daktari na mwanafizikia, aliliandika hili katika karne ya 19: kwamba kuona ni kukisia. Ubongo unapokea vipande, unauliza hiki kinafanana na nini, unajijibu, kisha unakuletea jibu likiwa tayari limevaa nguo. Wewe unaloliona ni jibu. Makisio huonyeshwi.

Sasa rudi mnadani. Vipande nilivyokuwa navyo: kijana anakimbia, kitu cheusi mkononi, na sikioni neno "simu" lenye sekunde mbili tu. Ubongo wangu ungejibu nini? Kama mama yule angepiga kelele "Nyoka!", naapa ningemwona ameshika nyoka.

Usidhani ni ushamba wetu wa mnadani. Usiku wa Februari 4, 1999, huko Bronx, New York, kijana wa miaka 23 kutoka Guinea, Amadou Diallo, alikuwa mlangoni kwa nyumba anayoishi. Askari wanne waliovaa kiraia walimwona wakamshuku. Akatoa kitu mfukoni. Walichokiona, kwa maelezo yao wenyewe, ni bastola. Walifyatua risasi 41, na 19 zikampata. Mkononi alikuwa na pochi. Mwaka 2000 mahakama iliwaachia askari wote wanne. Watu wakaandamana, na mpaka leo wapo wasioamini kwamba mtu anaweza kuona bastola mahali penye pochi, na wapo wanaouliza kama kijana yule angekuwa Mzungu bastola ingeonekana. Mimi swali hilo la pili nimelibeba. Kwa nini mpira ulikuwa simu mkononi mwa kijana mwembamba mwenye vumbi na kandambili? Angekuwa jamaa mwenye shati la kola na miwani anakimbia, si ningedhani anawahi gari?

Mwaka huo huo wa 1999, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Daniel Simons na Christopher Chabris, walitoa matokeo ya mchezo mmoja wa ajabu. Waliwaonyesha watu mkanda wa video: vijana wanapasiana mpira wa kikapu, wewe kazi yako kuhesabu pasi za timu moja. Katikati ya mchezo anapita mtu aliyevaa vazi la sokwe, anasimama katikati, anajipiga kifua, anaondoka zake. Ukimaliza unaulizwa, umeona kitu chochote cha ajabu? Karibu nusu ya watu walisema hapana. Sokwe! Walipoonyeshwa tena mkanda, wapo waliobisha kwamba si ule.

Dada yangu aliponisimulia hilo nilicheka. Akaniacha nicheke. Kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, yule mama alipopiga ukelele, wewe ulikuwa unatazama wapi?"

"Nilikuwa natazama..." nikakwama.

Nilikuwa natazama nyama. Yaani wizi wenyewe sikuuona hata kidogo. Lakini sikiliza maajabu: usiku ule nilipofika nyumbani nilimsimulia mama jinsi kijana wa jezi nyekundu alivyojisogeza kwa yule mama, akazuga anachagua shati, akatumbukiza mkono kwenye kikapu. Nilimsimulia na ishara za mikono. Na picha ninayo kichwani mpaka sasa ninavyoandika, mkono unaingia, mkono unatoka! Ingawa najua fika kwamba kijana muda ule alikuwa upande wa pili anashika mbuzi. Picha hiyo niliipiga lini? Kwa kamera ipi?

Jibu nimelikuta kwa mama mmoja wa Kimarekani, Elizabeth Loftus. Mwaka 1974, yeye na mwenzake John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu fupi ya ajali ya magari. Wanafunzi 50 wakaulizwa magari yalikuwa mwendo gani "yalipobamizana". Wengine 50 wakaulizwa yalikuwa mwendo gani "yalipogongana". Basi, tofauti ni neno moja. Wiki moja baadaye wakaitwa tena, wakaulizwa: uliona vioo vilivyovunjika? Katika wale wa "kubamizana", 16 walisema ndiyo. Wale wa "kugongana", 7. Na kwenye filamu hakukuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika.

Neno lililoingia sikioni baada ya tukio limekwenda kukaa ndani ya macho, kana kwamba lilikuwapo tangu mwanzo. Ndiyo maana, msomaji, ugomvi wenu wa "ulisema" na "sikusema" hauishi. Kila mmoja ana mkanda wake, na kila mmoja amerekodi upya bila kujijua. (Nimesema leo si mapenzi. Samahani.)

Sasa hapa ndipo nilipotaka kufika. Unaweza kudhani mambo haya ni ya vyuo vya Ulaya na Marekani, sisi tumeletewa tu. Dada yangu akatoa karatasi nyingine, mikono yake ikiwa na furaha ya mtu anayetaka kukumaliza. Ni uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania, shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980. Mahakama hiyo ilianzishwa mwaka 1979, yaani ilikuwa bado mbichi kabisa. Na majaji wake wakasema waziwazi kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa kumwona ni ushahidi dhaifu kuliko aina nyingine, usioaminika, na kwamba mahakama isiutegemee mpaka iwe imeondoa kila uwezekano kwamba shahidi amefananisha. Mawakili wa nchi hii wanautaja uamuzi huo mpaka leo kama wimbo wa shule.

Kabla yake, mwaka 1953, ile mahakama ya rufani ya Afrika Mashariki ya enzi za Mwingereza ilikwishatoa tahadhari ya namna hiyo katika shauri la Abdallah bin Wendo, kuhusu shahidi mmoja aliyemtambua mtu katika mazingira magumu. Waingereza wenyewe huko kwao kanuni zao zinazotajwa sana, za shauri la Turnbull, ni za mwaka 1976. Kwa hiyo kuna jambo ambalo huku kwetu liliandikwa mapema. Tusikose kujisifu hata kidogo.

Majaji wa Waziri Amani hawakuishia kusema "dhaifu". Waliweka na maswali ya kumuuliza shahidi. Ulimtazama kwa muda gani? Ulikuwa umbali gani? Mazingira yalikuwaje, mchana au usiku, mwanga ulitosha? Na je, mtu huyo ulikuwa unamfahamu au uliwahi kumwona kabla ya hapo?

"Haya," akasema dada yangu, kalamu mkononi, "shahidi, simama."

Muda? Sekunde mbili, tatu zikizidi. Umbali? Nilipokwenda kuupima baadaye ulikuwa hatua 70, na katikati kundi la mbuzi na watu. Mwanga? Mchana, ndiyo, lakini jua la saa kumi na moja lilikuwa usoni kwangu, na vumbi la Dodoma unalijua. Kumfahamu? Sijawahi kumwona maishani.

"Sifuri kwa nne," akasema. "Wewe hata kuku usingemfungia jela."

Nikajitetea. Nikamwambia, lakini nilikuwa na uhakika! Mia kwa mia! Akanitazama kwa huruma, kisha akanipa kisa cha Jennifer Thompson.

Huyu alikuwa mwanafunzi wa chuo, miaka 22, huko Burlington, North Carolina, Marekani. Mwaka 1984 mwanamume alimvamia usiku chumbani kwake akambaka. Katikati ya unyama ule, binti akafanya jambo la ujasiri ambalo mimi nisingeliweza: akamkariri. Sura, nywele, mdomo, kovu kama lipo. Alijiapiza kwamba akitoka hai atamfunga. Polisi wakamwonyesha picha, akachagua. Wakapanga gwaride la utambuzi, akamchagua yule yule, Ronald Cotton. Mahakamani akaapa. Cotton akafungwa, akakaa ndani zaidi ya miaka 10. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1987, mbakaji wa kweli, Bobby Poole, aliletwa mahakamani mbele ya Jennifer, akaulizwa kama anamfahamu. Akasema hajawahi kumwona. Mwaka 1995 kipimo cha vinasaba, DNA, kikamtoa Cotton gerezani na kumtaja Poole.

Yaani yeye alikuwa na muda, alikuwa karibu, alikariri kwa makusudi, na bado. Kila alipoonyeshwa Cotton, sura ya Cotton ilizidi kukaa mahali pa ile ya usiku ule, na uhakika wake ukazidi kupanda. Wawili hao baadaye wakawa marafiki, na mwaka 2009 wakatoa kitabu pamoja. Cotton alimsamehe. Nilipofika hapo nikafunga makaratasi, nikalala na nguo zangu.

Kuna mtu mmoja mnadani siku ile aliyeona sawasawa. Ni yule mzee. Alikuwa mbali kunizidi mimi, macho yake kwa umri ule sidhani kama yanasoma gazeti, lakini alijua anayekimbia ni nani na anakimbilia nini. Alimjua mjukuu wake kwa mgongo tu. Na mbuzi vile vile. Kwangu mimi mbuzi ni mbuzi, tofauti ni bei. Mgogo aliyekulia zizini anakwambia huyu wa nani, mama yake yupi. Macho yanafundishwa na kazi na mazoea. Wapo wataalamu watatu, Segall, Campbell na Herskovits, waliotoa kitabu mwaka 1966 baada ya kuwapima watu wa mataifa mbalimbali, wakiwemo Wanyankole na Watoro wa Uganda, kwa michoro ile ya mistari inayodanganya macho: mistari miwili ya urefu mmoja, mmoja una mishale inayotazama ndani na mwingine nje, unadhani haulingani. Waliodanganyika zaidi walikuwa Wamarekani wa mji wa Evanston. Wataalamu hao walidhani sababu ni kukulia kwenye nyumba za kona kona. Wengine wamewapinga na wanabishana mpaka leo. Mimi nilichoondoka nacho ni kwamba watu wawili wanaweza kusimama mbele ya mstari mmoja na wasiuone sawa, na hakuna kati yao aliyekunywa.

Jumamosi iliyofuata nilipanda daladala ya Msalato peke yangu. Washikaji walikataa, walisema naenda kujipeleka kichinjioni. Nilimkuta mzee upande wa mbuzi, amekaa juu ya gogo. Nikajaribu "Mbukwenyi" yangu ya kuokoteza, kisha nikaongeza shikamoo kwa usalama.

"Marahaba," akasema. "Unataka jike au dume?"

Nikamwambia sitaki mbuzi. Nikamwambia mimi ndiye niliyepiga kelele. Mzee akanyamaza, akachora chora chini kwa fimbo. Mjukuu wake akatokea nyuma ya kundi, hana jezi nyekundu, mdomo bado umevimba upande mmoja, na alipotaka kusema nikaona jino la mbele halipo.

"Babu, huyu anasemaje?"

"Anasema ndiye aliyekuita mwizi."

Kijana akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwa, kwa muda mrefu. Majaji wangefurahi.

"Siyo huyu," akasema.

"Ni mimi," nikasema.

"Siyo wewe, kaka. Ni jamaa mmoja mnene, ana kofia ya bluu, anauza viatu pale. Alisimama juu, akaninyooshea kidole. Nilimwona kwa macho yangu."

Nikamweleza benchi, mfupa, nyama, kila kitu. Alikuwa mgumu kuamini. Wiki nzima, akakiri, alikuwa anapanga na wenzake wawili jinsi ya kumvizia yule wa kofia ya bluu mnada ukifungwa. Mpango ulikuwa wa siku ile ile, jioni. Mzee alikuwa hajui. Akamkata mjukuu wake jicho moja, likamtosha.

Jino, nimeulizia, kuweka la bandia ni pesa. Tumekubaliana na mzee nilipe kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza nilitoa pale pale, nikarudi mjini kwa lifti ya gari la mchanga. La pili ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, pale pale kwenye gogo. Mhariri wangu, kama umesoma mpaka hapa, malipo ya makala hii nayaomba Ijumaa.